Ushahidi wa Mahasimu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Machi, baridi ikianza kulegea katika nchi ya Marekani, vyuo vikuu vya huko huingia katika mashindano ya mpira wa kikapu yasiyo na huruma kwa mshiriki yeyote, maana timu ishindwayo mara moja hufungasha na kurudi kwao, nayo ishindayo husonga mbele, mpaka kati ya timu 68 zilizoalikwa ibakie moja peke yake. Kombe hukabidhiwa, nyavu za kikapu hukatwa na kugawanywa kuwa ukumbusho, na hapo ndipo huzuka mjadala mwingine, mkongwe kuliko wengi wa wanaoushiriki: je, mabingwa hawa wa leo wangeweza kusimama mbele ya wale wa 1976? Na mchezaji huyu ambaye magazeti yote yanamsifu, msimu wake wafaa kutajwa pamoja na misimu ya Bill Russell na Lew Alcindor, au twamtukuza kwa sababu tu yeye ndiye tuliyemwona kwa macho yetu?

Swali hili lina uzito zaidi katika vyuo kuliko katika ligi za kulipwa, na sababu yake ni dhahiri. Katika ligi za kulipwa mahasimu wawili wakubwa aghalabu hukutana tena na tena kwa muda wa miaka mingi, hata mwenye nguvu akajulikana. Bali timu ya chuo huishi msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi mwanzo wa Aprili, kisha wakubwa wake huhitimu, wengine huchukuliwa na wenye fedha, na kikosi kinachorithi jina na jezi huwa si kile tena. Mchezaji mwenyewe kwa kawaida hupewa misimu minne, na kwa muda mrefu alipewa mitatu, kwani hadi 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuichezea timu kubwa ya chuo chake. Kwa hivyo anayelinganisha mabingwa wa vyuo huwalinganisha watu ambao hawakukutana wala hawatakutana abadani, naye hana cha kumsaidia ila kumbukumbu za watu na hesabu zilizoandikwa. Nazo hesabu, pamoja na uaminifu wake wote, huandika yaliyotendeka tu, wala haziandiki yale yaliyozuiwa yasitendeke.

Kipimo cha kwanza ambacho kila mtu hukimbilia ni kutoshindwa. Tangu mashindano haya ya kitaifa yaanzishwe mwaka 1939, timu saba tu za wanaume zimetwaa ubingwa bila ya kupoteza mchezo hata mmoja katika msimu wote: San Francisco mwaka 1956, North Carolina mwaka 1957, UCLA ya jijini Los Angeles mara nne, yaani 1964, 1967, 1972 na 1973, na mwisho Indiana ya mwaka 1976, ambayo chini ya kocha mkali Bob Knight ilicheza michezo 32 na kushinda yote 32, ikamalizia kwa kuifunga Michigan pointi 86 kwa 68. Tangu usiku ule hapana timu ya wanaume iliyoweza kurudia tendo hilo, ingawa wapo waliolikaribia hata wakaligusa: Indiana State ya Larry Bird ilishinda michezo 33 mfululizo mwaka 1979 kabla ya kuangushwa katika fainali na Michigan State ya Magic Johnson, 75 kwa 64, Kentucky ya 2015 ilishinda 38, ikakwama mbele ya Wisconsin katika nusu fainali, na Gonzaga ya 2021 ilifika fainali ikiwa na ushindi wa michezo 31, Baylor ikaifunga 86 kwa 70.

Katika hao walioponyokwa hakuna wanaonisikitisha kama vijana wa UNLV, chuo cha Las Vegas, waliofundishwa na Jerry Tarkanian. Mwaka 1990 waliifunga Duke katika fainali kwa pointi 103 kwa 73, tofauti ya pointi 30 ambayo haijapata kuonekana katika fainali nyingine yoyote ya wanaume. Mwaka uliofuata walirudi wakiwa na nguvu zaidi, wakashinda michezo 34 bila ya kushindwa, na ukijumlisha na ile ya msimu uliotangulia ushindi wao ulifika 45 mfululizo. Kisha huko Indianapolis, katika nusu fainali, wakakutana na Duke ileile waliyoiaibisha, nayo Duke ikawafunga 79 kwa 77 na kwenda kutwaa kombe. Kwa pointi mbili tu, timu ambayo wengi walikuwa tayari kuiita bora katika historia yote iliondolewa katika orodha ya mabingwa wa mwaka huo. Mimi naamini kwamba kama timu hizo mbili zingecheza mfululizo wa michezo saba, kama wachezavyo watu wa kulipwa, UNLV ingeshinda. Walakini mashindano ya vyuo hayakuumbwa hivyo, na Duke hawakuiba chochote. Nasema tu kwamba kombe ni hukumu ya usiku mmoja, na atakaye kujua timu ipi ilikuwa bora katika msimu mzima hana budi kutazama mbali zaidi ya kombe.

Tukitazama mbali zaidi, jambo la kwanza tunalokutana nalo ni mlango, yaani nani aliruhusiwa kuingia mashindanoni na nani aliachwa nje. Mashindano ya 1939 yalikuwa na timu nane tu, na hata yalipopanuliwa, hadi 1974 kila ligi iliruhusiwa kupeleka timu moja tu, ile iliyokuwa bingwa wake. Fikiri basi masaibu ya USC, jirani wa UCLA katika jiji lilelile la Los Angeles, ambao mwaka 1971 walishinda michezo 24 na kushindwa miwili tu, yote miwili na UCLA, wakabaki nyumbani ilhali timu dhaifu kuliko wao zilikuwa zikigombea ubingwa wa taifa. UCLA, chini ya John Wooden, ilitwaa kombe mara kumi katika miaka kumi na miwili tangu 1964 hadi 1975, mara saba kati ya hizo mfululizo, na baina ya 1971 na 1974 ilishinda michezo 88 bila ya kushindwa, mpaka Notre Dame ilipoikata minyororo hiyo kwa pointi moja, 71 kwa 70. Wapo wanaoipunguza fahari hiyo kwa kusema kwamba siku hizo ushindi wa michezo minne ulitosha kuleta kombe, ilhali leo yatakiwa sita, na kwamba UCLA ilipangwa upande wa magharibi ambako upinzani ulikuwa haba. Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili siikubali kwa wepesi, kwa kuwa mpinzani hatari kuliko wote wa magharibi alikuwa huyo huyo USC, naye alikwisha kufungwa mara mbili. Na katika kisa cha Indiana ya 1976 kuna jambo ambalo hutajwa kwa nadra: Michigan, waliofungwa katika fainali ile, walikuwa wa ligi moja na Indiana, na kama sheria ya zamani isingelegezwa mwaka mmoja kabla, wasingalikuwa pale asilani.

Ulikuwapo mlango mwingine mzito zaidi, nao ni wa rangi ya ngozi. Vyuo vingi vya majimbo ya kusini havikuwapokea wachezaji weusi kabisa, na baadhi havikukubali hata kucheza na timu yenye mchezaji mweusi. Mississippi State walikuwa mabingwa wa ligi yao mwaka 1959, 1961 na 1962, na mara zote tatu hawakwenda katika mashindano ya taifa, kwa sababu huko wangekutana na weusi. Mwaka 1963 waliposhinda tena, kocha wao Babe McCarthy pamoja na wakuu wa chuo waliamua kwenda, na gavana wa jimbo, Ross Barnett, akawa miongoni mwa waliopinga. Ikabidi timu iondoke Mississippi kwa hila kabla ya amri ya mahakama ya kuwazuia kuwafikia, kana kwamba vijana wale walikuwa wahalifu. Walifika Michigan, wakapeana mikono na wachezaji wa Loyola ya Chicago, ambao wanne kati ya watano wao wa kwanza walikuwa weusi, wakacheza, wakafungwa 61 kwa 51, wakarudi nyumbani. Loyola wakaendelea hata wakatwaa kombe. Basi anayelinganisha mabingwa wa 1959, 1961 na 1962 na mabingwa wa zama zetu na akumbuke kwamba katika miaka hiyo kulikuwa na bingwa wa ligi kubwa aliyebaki kwao kwa ajili ya ubaguzi, na kulikuwa na mamia ya vijana weusi, mahiri wa mchezo huu, ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha hesabu kwa sababu chuo cha jimbo lao kiliwafungia lango.

Ndiyo maana fainali ya 1966 haifanani na nyingine. Texas Western, chuo cha El Paso ambacho wengi hawakuwa wamekisikia, kiliingia uwanjani na watano weusi mbele ya Kentucky ya Adolph Rupp, timu tukufu isiyokuwa na mweusi hata mmoja. Na kocha Don Haskins, kwa muda wote wa mchezo ule, hakumwingiza uwanjani mchezaji asiyekuwa mweusi. Walishinda 72 kwa 65, wakamaliza msimu wakiwa wameshindwa mara moja tu. Kwa kipimo cha pointi na uwiano, timu ile haitajwi mara nyingi miongoni mwa kumi bora za dahari zote. Mimi naitaja. Ilishinda mchezo wake, na papo hapo ikaonyesha hadharani kwamba hesabu za miaka iliyotangulia zilikuwa pungufu; na baada yake vyuo vya kusini vilianza, kimoja baada ya kingine, kuwatafuta vijana waliokuwa wakiwakataa.

Tukija sasa kwa mchezaji mmoja mmoja, mambo huzidi kuwa magumu, kwa kuwa ustadi wa mtu na ushindi wa timu yake ni mambo mawili yasiyofuatana daima. Kisa kinachonifikirisha kuliko vyote ni cha Oscar Robertson wa Cincinnati. Katika misimu yake mitatu, 1958 hadi 1960, alikuwa kila mwaka mfungaji wa kwanza katika nchi nzima, kwa wastani wa pointi 33.8 kwa mchezo, na zaidi ya kufunga alikuwa fundi wa kutoa pasi na kudaka mipira inayogonga ubao na kurudi, ambayo wachezaji huiita ribaundi. Mwaka 1959 Cincinnati ilifika nusu fainali ikafungwa na California. Mwaka 1960 ikafika nusu fainali ikafungwa na California ileile. Robertson akahitimu, akaenda zake. Na mwaka uleule uliofuata Cincinnati, bila ya yeye, ikatwaa ubingwa, na 1962 ikautwaa tena, na 1963 ikafika fainali ya tatu mfululizo. Je, tuseme kwamba Robertson alikuwa mzigo? Hasha. Kilichotokea ni kwamba kocha mpya, Ed Jucker, alipokuwa hana tena mtu wa kumtegemea katika kila shida, aliwafundisha waliobaki kucheza polepole, kulinda kwa jitihada na kugawana kazi, na timu iliyojengwa juu ya watu watano ikawa ngumu kuvunjika kuliko ile iliyojengwa juu ya mmoja. Msimu bora wa mchezaji na msimu bora wa timu huweza kuwa katika chuo kimoja na visikutane.

Upande wa pili wa jambo hilo yuko Danny Manning wa Kansas. Mwaka 1988 timu yake ilikuwa imeshindwa mara nane katika michezo ishirini, na hakuna aliyeitaja katika habari za ubingwa. Ilimaliza msimu na michezo 11 iliyopotea, idadi ambayo hakuna bingwa mwingine aliyewahi kuifikia. Lakini ilitwaa kombe, kwa sababu katika fainali na Oklahoma, waliokwisha kuwafunga mara mbili msimu huohuo, Manning alifunga pointi 31 na kudaka ribaundi 18, na Kansas ikashinda 83 kwa 79. Ukiweka timu ile katika safu ya mabingwa, itakaa mkiani. Ukiuweka msimu wa Manning katika safu ya misimu ya wachezaji, utapanda juu sana, kwa kuwa ni wachache waliobeba wenzao kiasi hicho hata mwisho.

Wengine walibeba na hawakufika. Wilt Chamberlain, jitu la futi 7 na inchi 1, aliifikisha Kansas katika fainali ya 1957, akafungwa na North Carolina kwa pointi moja, 54 kwa 53, baada ya vipindi vitatu vya muda wa nyongeza. Na waamuzi wa tuzo, kwa insafu niipendayo, walimtangaza yeye aliyeshindwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Jambo kama hilo lilimpata Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos aliyeanzia katika mpira wa mikono, ambaye mwaka 1983 Houston yake ilifungwa na North Carolina State katika sekunde ya mwisho, 54 kwa 52, naye akapewa tuzo ilhali kombe likienda kwa wengine.

Na hapa msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kumkumbuka Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliyeichezea Connecticut. Katika msimu wa 2008-09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mkono wake katika kila mchezo. Timu yake ilifika nusu fainali mjini Detroit, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili katika nchi nzima kwenda ligi ya kulipwa ya NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Watu wengi humkumbuka kwa yale ambayo hayakumwendea vyema katika ligi ile. Lakini msimu wake ule wa chuo ulikuwa mkubwa, na ukubwa wake ulizidi hesabu zake, maana hizo 4.2 ni mitupo aliyoigusa tu. Mitupo ambayo mshambuliaji alikwisha kuikusudia, kisha akauona mkono ule mrefu na kurudi nyuma, haikuandikwa na mtu yeyote.

Hilo ndilo linalonipeleka katika kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho ni hofu ya mahasimu. Pointi zaweza kuwa nyingi kwa sababu mpinzani alikuwa dhaifu, na kombe laweza kuja kwa bahati ya usiku mmoja. Lakini watunga sheria wanapoketi barazani na kuubadili mchezo wenyewe kwa sababu ya mtu mmoja, huo ni ushahidi usionunulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Bob Kurland wa Oklahoma A&M na George Mikan wa DePaul walikuwa wakisimama chini ya kikapu na kuupangua kila mpira uliokuwa ukishuka kutumbukia, na kuanzia msimu wa 1944-45 tendo hilo likaharimishwa; Kurland, baada ya kunyang'anywa silaha yake, akaiongoza timu yake kutwaa ubingwa 1945 na 1946. Katikati ya miaka ya 1950 Bill Russell aliiongoza San Francisco kushinda michezo 55 mfululizo na makombe mawili, akitawala eneo lile lililochorwa mbele ya kikapu ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa humo zaidi ya sekunde tatu. Wakubwa wa mchezo wakalipanua kutoka futi 6 hadi futi 12, ili watu wa aina yake wasogezwe mbali.

Kisha akaja Lew Alcindor, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar baada ya kusilimu. Kabla hajaruhusiwa kuichezea timu kubwa ya UCLA, mnamo Novemba 1965, yeye na wenzake wa mwaka wa kwanza walicheza na wakubwa wao wa chuo hichohicho, waliokuwa mabingwa wa taifa wa miaka miwili mfululizo, wakawafunga 75 kwa 60. Sheria ikawaweka nje msimu wote huo, na huo ndio mwaka ambao Texas Western ilitwaa kombe. Aliporuhusiwa, katika mchezo wake wa kwanza alifunga pointi 56 dhidi ya USC, akamaliza msimu wa 1967 kwa wastani wa pointi 29 na ribaundi 15.5, huku theluthi mbili ya mitupo yake ikiingia, na UCLA haikushindwa hata mara moja. Msimu ulipokwisha, watunga sheria walipiga marufuku kudanki, yaani kuusindika mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Alcindor akageukia mtupo wa upande, mkono ukipita juu ya kichwa, akaunoa hata ukawa hauzuiliki kwa miaka ishirini iliyofuata. Kwa upande wa wanaume, huu wa 1967 ndio msimu ninaouweka juu ya misimu yote.

Hata hivyo timu ninayoichagua si ile ya 1967 isiyoshindwa, bali ya 1968 iliyoshindwa mara moja. Tarehe 20 Januari mwaka huo, mbele ya watu 52,693 katika uwanja wa Astrodome, Houston ya Elvin Hayes iliifunga UCLA 71 kwa 69 na kukatiza ushindi wa michezo 47. Hayes alifunga 39, naye Alcindor, aliyeumia jicho siku chache kabla, alipata mitupo minne tu kati ya 18. Mwezi wa Machi timu hizo zikakutana tena katika nusu fainali, Houston ikiwa haijashindwa na yeyote msimu wote. Wooden alimpangia Hayes mlinzi wake pekee, Lynn Shackelford, na wanne waliobaki wakazunguka kumsaidia. Hayes akapata pointi 10 tu, na UCLA ikashinda 101 kwa 69. Ni kweli mchezo ule ulichezwa Los Angeles, na wenyeji walikuwa na faida yao. Lakini tofauti ya pointi 32 dhidi ya timu isiyoshindwa, ambayo wiki chache nyuma ilikuwa imewafunga, haielezwi na kelele za mashabiki. Timu isiyoshindwa hatuijui ingefanya nini baada ya kushindwa, hii twaijua.

Kwa wanawake hesabu ina kilema chake, nacho ni cha kusikitisha. Mashindano yao ya taifa chini ya chama kilekile cha wanaume, NCAA, yalianza 1982 tu. Yaliyotangulia yaliendeshwa na chama kingine, na matendo ya zama hizo yakaachwa nje ya vitabu rasmi. Kwa njia hiyo pointi 3,649 alizofunga Lynette Woodard wa Kansas, akitumia mpira mkubwa wa wanaume, pasipo mstari wa pointi tatu, hazikuhesabiwa katika rekodi ya chama hicho. Katika timu za baada ya hapo sisiti kuitaja Connecticut ya 2016, iliyoshinda michezo yote 38 na kumaliza kwa kuifunga Syracuse 82 kwa 51; Breanna Stewart alitwaa nayo kombe la nne katika miaka yake minne, na mara zote nne akatangazwa mchezaji bora wa mashindano, jambo ambalo hakuna mwanamume wala mwanamke mwingine aliyelifanya. Timu za Connecticut ziliendelea kushinda hata kufikia michezo 111 mfululizo, zikazuiwa 2017 na Mississippi State kwa mtupo wa mwisho katika muda wa nyongeza.

Na Caitlin Clark wa Iowa? Mwanzoni mwa Machi 2024 alizipita pointi 3,667 za Pete Maravich, mchezaji wa kiume wa chuo cha LSU, akamaliza na 3,951, na mjadala ukawaka moto. Maravich alizipata zake katika michezo 83 ya misimu mitatu, kwa wastani wa 44.2, bila ya mstari wa pointi tatu. Clark alicheza michezo 139 katika misimu minne, na mitupo ya mbali ndiyo iliyokuwa nguzo yake. Wastani wa Maravich haujaguswa na sidhani utaguswa. Lakini Maravich alifundishwa na baba yake, aliyemwacha atupe karibu mara 38 katika kila mchezo, na kamwe hakuifikisha timu yake katika mashindano ya taifa. Clark aliifikisha Iowa katika fainali mbili mfululizo, naye alikuwa hodari wa kutoa pasi kama alivyokuwa wa kufunga. Namweka Clark mbele.

Hapakuwa na sheria iliyobadilishwa kwa ajili yake. Kilichobadilika ni watazamaji: fainali yake ya mwisho, tarehe 7 Aprili 2024, ilitazamwa Marekani na watu zaidi ya milioni 18, ilhali ile ya wanaume siku iliyofuata haikufikia milioni 15, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Clark alifunga pointi 18 katika robo ya kwanza na 30 kwa jumla, lakini South Carolina, iliyokuwa haijashindwa msimu wote, ilikuwa na kina cha wachezaji ambacho Iowa haikuwa nacho, na Kamilla Cardoso wa Brazil akadaka ribaundi 17; wakashinda 87 kwa 75 na kutimiza ushindi 38 bila ya doa. Kocha wao, Dawn Staley, ambaye mwaka 1991 akiwa mchezaji wa Virginia alitangazwa bora wa mashindano ilhali timu yake imefungwa katika fainali, aliposhika kipaza sauti uwanjani, kombe likiwa tayari lake, alimtaja Clark kwa jina na kumshukuru mbele ya halaiki yote kwa kuuinua mchezo wao.